Alama Nyeusi za Ngozi na Kinywa: Zipi Ziachwe, Zipi Zipelekwe Hospitali

Hotuba iliyotolewa uani mwa hekalu, Chato, siku ya maadhimisho



Kamati ilipotutaka tuseme juu ya maradhi ya ngozi, tuliuliza kwa nini kazi hiyo isipewe daktari. Tukajibiwa kwamba daktari husikilizwa na mgonjwa, ilhali mwenye duka husikilizwa hata na mtu aliyeingia kununua kiberiti. Tumelikubali jibu hilo, lakini tunaomba ieleweke mapema kwamba sisi tuliishia sekondari, na kwamba haya tutakayoyasema tumeyakusanya kwa kusoma na kwa kuwauliza madaktari bila kuona haya. Mtu akitoka hapa akaenda kujitibu kwa maneno yetu, atakuwa ametuelewa kinyume. Tunachokitaka ni mtu ajue alama ipi ya mwili wake aiache kwa amani na ipi aipeleke kwa wenye ujuzi wiki hii hii.

Tuanze na rangi yenyewe. Sisi tuliotoka Gujarat na ninyi Wazinza, Wasukuma, Wasubi na Wahaya tunapishana kwa mengi, lakini ngozi zetu sote zina rangi inayotengenezwa na chembe za namna moja. Rangi hiyo wataalamu wanaiita melanini. Mzungu naye anazo chembe hizo, na idadi yake haipishani sana na yetu. Tofauti ni wingi wa rangi zinayoitoa. Chembe hizo zikikusanyika mahali pamoja kwa utulivu, hutokea baka, na karibu kila mtu analo moja au zaidi. Zikiasi, zikaanza kuzaana pasipo mpango na kuzama ndani ya mwili, huitwa melanoma, nayo ni miongoni mwa saratani kali kuliko nyingi za ngozi.

Vitabu vingi juu ya ugonjwa huo vimeandikwa kwa ajili ya watu weupe, kama wale wa Australia, ambao jua huwachoma mgongoni, miguuni na usoni. Msomaji mweusi au Mhindi akivisoma anafunga kitabu akiwa ameridhika kwamba habari hiyo haimhusu. Ameambiwa nusu tu ya kweli. Ni kweli kwamba kwetu melanoma ni adimu kuliko kwao. Nusu iliyosalia ni kwamba ikitupata sisi huchagua mahali ambapo rangi yetu ni hafifu na macho yetu hayafiki: chini ya unyayo, kiganjani, chini ya kucha na ndani ya kinywa. Jua halina kazi kubwa huko. Jirani zetu wa Uganda walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1967 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kampala uliochunguza madoa meusi ya nyayo za watu wa Uganda na uhusiano wake na melanoma ya unyayo. Ni zaidi ya nusu karne sasa, na bado mtu wa kwetu akisikia saratani ya ngozi hufikiria mgongo na uso.

Vijana hapa wote wanamjua Bob Marley kwa nyimbo. Wachache wanajua kilichomwua. Mwaka 1977 alikuwa na kidonda katika kidole gumba cha mguu, nacho kikadhaniwa kuwa ni jeraha la mpira, maana alipenda sana kucheza. Madaktari walipokipima walikuta melanoma chini ya ukucha. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa. Ukaondolewa ukucha na nyama iliyouzunguka. Aprili 1980 alisimama jukwaani Harare kuimba katika uhuru wa Zimbabwe, na tarehe 11 Mei 1981 akafa Miami, umri wake ukiwa miaka 36. Mtu mwenye fedha, mwenye madaktari wa Ulaya na Marekani, na doa lilianzia kidoleni.

Nasi tunaye wetu, ambaye jina lake tutalihifadhi kwa heshima ya watoto wake. Alikuwa mpakiaji wa magunia hapa mjini, mtu wa nguvu na mcheshi. Kisiginoni mwake palitokea doa jeusi mfano wa wino uliodondoka. Yeye alisema ni mwiba ulioingia ukaozea ndani. Mwenzake akamwambia amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Doa likapanuka, likainuka, likaanza kutoa maji. Wakalichonga kwa wembe wakidhani ni sugu, wakaweka dawa ya majani, kisha unga wa betri. Yapata mwaka ulipita hivyo. Alipoanza kulalamikia mtoki uliovimba kinenani, mkubwa kama limau, ndipo nduguze walipompeleka hospitali, na huko wakaelezwa kwamba ugonjwa umekwisha kuhama kutoka kisiginoni. Tulimzika kabla ya msimu wa pamba uliofuata. Hatumlaumu mtu yeyote aliyemshauri. Kila mmoja alisema alichokijua. Ila katika watu wote waliolitazama doa lile, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba saratani inaweza kuanza chini ya mguu ikiwa nyeusi, bila maumivu, kama wino.

Sasa tusimtie mtu hofu ya kila doa. Mabaka mengi mno hayana neno, na tunafikiri kuyataja kutawapunguzia wengi mzigo wa bure.

Mtoto mchanga akizaliwa na waa la rangi ya samawati au kijivu juu ya makalio au chini ya mgongo, watu huanza kunong'ona kwamba kapigwa. Waa hilo ni la kawaida kwa watoto wa Kiafrika na wa Kihindi, nalo hufifia lenyewe kwa miaka. Wazee wetu wengi wana vidutu vyeusi vidogo mashavuni na kandokando ya macho, vinavyoongezeka kwa umri na mara nyingi hurithiwa. Ni mapambo ya uzee. Viko pia vijinundu vya kahawia au vyeusi vya mgongoni na kifuani, vyenye uso mkavu wa mikwaruzo, vikionekana kama nta iliyobandikwa juu ya ngozi hata mtu akadhani atavibandua kwa ukucha. Hivyo navyo havidhuru. Mabaka ya utotoni, ya mviringo, ya rangi moja, yaliyokaa vile vile miaka nenda miaka rudi, yaacheni. Wanawake waliopata mabaka ya kahawia mashavuni wakati wa ujauzito wasihangaike nayo kupita kiasi.

Lipo weusi mmoja ambao si saratani lakini tunauonea wasiwasi, hasa sisi Wagujarati. Shingo ikiwa nyeusi nyuma, na makwapa pia, ngozi ikiwa nene na laini kama mahameli, mama humsugua mtoto kwa dodoki mpaka analia, akidhani ni uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili haupokei sawasawa kazi ya insulini, na kisukari kipo mlangoni. Mtu huyo akapimwe sukari, na kwetu sisi tunaokula tamu katika kila sherehe, ya leo ikiwamo, ushauri huu haupaswi kuchukuliwa kama utani.

Wenye umri wetu mnakumbuka jinsi pamba ilivyochambuliwa kabla ya kupelekwa mnadani, safi huku na fifi kule. Mchambuzi mzoefu hakutazama kila kitumba kwa muda mrefu. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwa kile kisichofanana na wenzake. Madaktari wa ngozi wametuambia kwamba nao huanza hivyo hivyo: mtu akiwa na mabaka ishirini yanayofanana na moja lililo tofauti, hilo moja ndilo la kutazamwa. Kisha hutazama umbo. Baka jema ukilikata katikati kwa mawazo, nusu zake zinalingana. Baya lina upande mmoja uliopotoka. Ukingo wa jema umekamilika, wa baya umemegukamegeka kama ramani ya ziwa letu. Jema lina rangi moja. Baya linachanganya weusi, kahawia, samawati, nyekundu, pengine na sehemu iliyopauka. Baya kwa kawaida huwa pana kuzidi milimita 6, yaani upana wa kitako cha penseli, ingawa lile linaloanza huwa dogo zaidi. Kuliko hayo yote, baya hubadilika. Doa lililozaliwa ukubwani, baada ya miaka 40 au 50, likapanuka kwa miezi, likainuka, likawasha, likatoa damu bila kuguswa, hilo halina cha kusubiri. Na tuongeze kwamba melanoma nyingine haina rangi kabisa, bali huonekana kama nyama nyekundu isiyopona, hivyo kidonda cha unyayo au kidole kisichofunga kwa wiki kadhaa kistahili kuonwa hata kama si cheusi.

Kucha zinahitaji maneno yake peke yake, kwa sababu hapo ndipo watu wa migodini na wa maghalani wanapodanganyika. Mstari mweusi au wa kahawia unaotoka kwenye shina la ukucha mpaka ncha ni jambo la kawaida kwa watu weusi na Wahindi, hasa ukiwa katika kucha nyingi, na unazidi kadiri mtu anavyozeeka. Baadhi ya dawa nazo huuleta. Wa kuogopwa ni ule uliojitokeza katika ukucha mmoja tu, mara nyingi wa dole gumba la mkono au la mguu, ukawa mpana kupita milimita 3, ukaendelea kupanuka, hasa upande wa shinani, au ukafanya ukucha upasuke. Na ukiona weusi umevuka ukucha ukaingia katika ngozi inayouzunguka, usilale. Dalili hiyo inaitwa kwa jina la Jonathan Hutchinson, daktari Mwingereza wa karne ya 19.

Mchimbaji atasema, jiwe liliniangukia, hii ni damu iliyovilia. Huenda ni kweli, na upo mtihani rahisi. Damu iliyovilia husafiri pamoja na ukucha: kucha za mikono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, za miguu nusu ya hapo, hivyo baada ya miezi miwili au mitatu ya jeraha la kweli utaona sehemu safi imeanza kutokea shinani na weusi unasogea kuelekea ncha. Weusi usiosogea, au unaoongezeka shinani, hautokani na jiwe. Anayetaka hakika zaidi akwaruze alama ndogo juu ya ukucha mkabala na mpaka wa weusi, aone kama vinakwenda pamoja.

Tuingie kinywani. Fungueni vinywa vya watu kumi waliokaa hapa, na wengi watakuwa na fizi zenye weusi au kahawia. Hiyo ni rangi yetu ya asili. Inatambulika kwa sababu ipo tangu utotoni au ujanani, ipo kulia na kushoto kwa kulingana, na haibadiliki. Wavuta sigara huongezewa weusi katika fizi za mbele, ambao hupungua taratibu mtu akiacha. Mtu aliyezibwa jino kwa ile dawa ya rangi ya fedha anaweza kuona doa la samawati au kijivu kwenye ufizi jirani na jino hilo, nalo hudumu miaka. Dawa ile ni mchanganyiko wa fedha na madini mengine pamoja na zebaki, zebaki ile ile ambayo wachimbaji wetu wadogo wanaikamatishia dhahabu, na chembe zake zikiingia katika ufizi huacha alama kama chale. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliishi na alama hiyo miezi miwili akiaga watoto wake moyoni, bila kumwambia mtu. Daktari wa meno alimpiga picha ya eksirei, akamwonyesha vipande vya madini vinavyong'aa ndani ya ufizi, akamrudisha nyumbani. Miezi miwili ile nani atamlipa?

Melanoma ya kinywa ni nadra kuliko ya unyayo, lakini ni kali zaidi kwa sababu hugunduliwa imechelewa. Nyingi hutokea kwenye kaakaa gumu, yaani dari ya kinywa, na kwenye ufizi wa juu, mahali ambapo mtu hajioni hata akisimama mbele ya kioo, mpaka ainue kichwa na kumulika tochi. Huanza kama baka jeusi lililolala, lisiloumiza. Meno ya juu yakilegea pasipo sababu, au meno ya bandia yakianza kutokukaa vizuri, pamulikwe. Baka jipya la kinywa cha mtu mzima, lililo upande mmoja tu, lisilo na jino lililozibwa karibu yake, lisiachwe bila kuonwa na daktari wa kinywa na meno. Ukilikuta la zambarau au la wekundu wa damu nzito kwenye kaakaa, na hasa kama yapo mengine ya namna hiyo miguuni, linaweza kuwa ugonjwa ulioitwa kwa jina la Moritz Kaposi, daktari wa Vienna aliyeueleza mwaka 1872. Upo Afrika Mashariki tangu kabla ya Ukimwi, na Ukimwi ukauzidisha. Mtu huyo apimwe virusi bila kunyanyapaliwa, kwa kuwa akianza dawa za kufubaza virusi hata mabaka yenyewe mara nyingi hurudi nyuma.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuwakosoa watu wa nyumbani mwetu. Tunaogopa doa jeusi la kinywa, ilhali shavuni tumeweka tambuu, sopari na zile pakiti za gutka. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba sopari yenyewe, hata pasipo tumbaku, husababisha saratani. Kabla ya saratani huja ukakamavu: utando wa mashavu unakuwa mgumu, chakula chenye pilipili kinaunguza, na kinywa kinagoma kufunguka. Jaribuni nyumbani kuingiza vidole vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini. Asiyeweza amwone daktari. Baka jeupe lisilofutika na baka jekundu ndani ya shavu la mla tambuu ni vya kuogopwa kuliko weusi wote wa fizi zake. Tumewaona vijana wa Kisukuma nao wakianza kutafuna pakiti hizo, nao hawakuzikuta kwa babu zao. Sisi wafanyabiashara ndio tuliowauzia.

Na kwa kuwa tumefika dukani, yapo na makopo ya kujichubua. Krimu zenye haidrokwinoni zikitumika miaka mingi zinaweza kuleta mashavuni weusi wa samawati ulio mgumu kuondoka, kinyume kabisa cha kile kilichonunuliwa, na zile zenye zebaki huharibu figo. Dada anayezitumia akitokewa na doa la kweli, daktari atapata shida kulisoma katika ngozi iliyokwisha kuvurugwa. Zimekatazwa, na bado zinapita. Tunawaomba wenzetu wenye maduka wazikatae hata kama mteja atakwenda kwa jirani.

Ndugu zetu wenye ualbino wana hesabu nyingine. Wao jua ndilo adui, na saratani yao huja usoni, masikioni, shingoni na mikononi, ikianza kama gamba gumu au kidonda kinachopona na kurudi. Kwa kawaida si melanoma bali ni saratani ya tabaka la juu la ngozi, na ikikatwa mapema hupona. Katika ukanda huu wetu wa ziwa watu hawa wamekwisha kuteswa vya kutosha na mapanga ya washirikina. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua ni haki yao. Kule Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na mafuta ya Kilisun hutengenezwa huko kwa ajili yao.

Mtu akifika hospitali na doa la mashaka, atafanyiwa nini? Hapa ndipo wengi wanapokimbilia kwa mganga, kwa hiyo tueleze. Katika mkoa wetu wa Geita kila mtu anajua kwamba mnunuzi wa dhahabu mwenye akili hanunui kwa jicho. Ataitazama, ataipima uzito, ataichoma, ataijaribu kwa tindikali. Daktari naye, hata akiwa bingwa, hasemi saratani kwa jicho. Anakata doa au kipande chake kwa ganzi, kinawekwa katika dawa ya kuhifadhi, kinapelekwa kwa mwanapatholojia ambaye hukitazama kwa darubini. Watu husema kisu kikigusa saratani huifanya isambae. Madaktari tuliowauliza wamekanusha. Kisu cha daktari hutoa majibu. Wembe wa uchochoroni ndio unaoharibu, kwa sababu huacha shina ndani na kutupa jalalani kile kipande ambacho kingesema ukweli. Tafadhalini, ulizeni daima: kinyama kimepelekwa kupimwa wapi, na majibu yatatoka lini? Akiwapo mtu wa kuandika namba ya simu ya mgonjwa kwenye fomu, nayo isomeke, majibu hayatalala kabatini.

Katika majibu hayo ipo namba moja yenye uzito kuliko zote, nayo ni kina. Mwaka 1970 Alexander Breslow, mwanapatholojia wa Marekani, alionyesha kwamba hatari ya melanoma hufuata unene wake uliopimwa kwa milimita. Iliyozama milimita 1 au chini yake, wengi mno waliokatwa hupona moja kwa moja. Kadiri inavyozidi kina ndivyo matumaini yanavyopungua, na ikifika kwenye mitoki safari huwa ngumu. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 weupe wa melanoma, zaidi ya 90 huwa hai baada ya miaka mitano, na kwa weusi ni kama 70. Wanaishi nchi moja. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kwamba wagonjwa weusi hufika wakati doa limekwisha kuzama, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyetazama nyayo zao. Mpakiaji wetu angekatwa kipande cha ngozi ya kisigino katika mwezi wa pili au wa tatu, na pengine angebaki akichechemea kidogo tu.

Kwa mtu wa Chato njia si ndefu kama zamani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo hapa hapa. Bugando ipo Mwanza, ina idara ya saratani, na daraja la Kigongo–Busisi limeondoa yale masaa ya kungoja kivuko. Mwenye bima aitumie. Asiye nayo aanzie kituo cha afya apate barua ya rufaa, asije akarudishwa mapokezi.

Limebaki jambo moja, ambalo Kamati imelijadili kwa vikao viwili na ambalo tunajua wapo humu wasiolipenda. Sisi sote tunavua viatu kabla ya kuingia hekaluni. Tunanawa miguu bombani. Tunainama tukagusa miguu ya wazee wetu, wanatubariki, tunainuka. Sehemu ya juu ya mguu wa baba tunaijua, sehemu ya chini hatujawahi kuiona. Tulipendekeza kwamba pale bombani kiwekwe kiti kifupi, na kioo sakafuni kilichoinamishwa, ili kila anayenawa aone nyayo zake na nafasi za vidole.

Pingamizi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema kuonyesha unyayo ni utovu wa adabu, na mbele ya mungu ni zaidi. Hilo ni kweli na tunaliheshimu. Ndiyo maana kioo kitawekwa nje ya lango, kikielekea ukuta, pasipo kuelekea mlango wa hekalu. Ya pili ilitoka kwa akina mama, kwamba watatazamwa na wapitao. Wamepewa pazia. Na tukasema pia, kwa ajili ya wale wasioshawishika na habari za melanoma iliyo adimu, kwamba katika jumuiya yetu hakuna nyumba isiyo na mgonjwa wa kisukari, na mgonjwa wa kisukari hupoteza hisia za nyayo hata akatembea siku tatu na kipande cha kigae mguuni. Kioo hicho hicho kitamfaa yeye kila wiki. Hoja hiyo ndiyo iliyopata kura.

Kioo kimekwisha kununuliwa. Fundi ataanza kazi baada ya sherehe, akimaliza kuondoa mahema. Karibu na bomba tutaning'iniza tochi ndogo kwa kamba, ya kumulikia kinywa, na tunawasihi vijana wasiitoe betri. Majirani wasio wa dini yetu msisite, kwani bomba lipo upande wa barabara na lango lile halifungwi mchana. Anayeishi peke yake, asiye na wa kumtazama mgongo wala nyayo, aje Jumapili asubuhi. Wapo wazee wawili wa Kamati, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, waliokubali kukaa pale, na daftari la kuandikia tarehe na mahali doa lilipo litakuwa mezani.